Mwaka 146 KK: Karthago na Korintho ziliteketezwa mwaka mmoja. Ilipangwa au ilitokea tu?

#1 Mtunza Nyaraka

Wakuu, habari za jioni.

Kuna mwaka mmoja kwenye historia ya Bahari ya Kati ambao kila nikiusoma silali vizuri: 146 Kabla ya Kristo. Majira ya kuchipua mwaka huo jeshi la Roma liliiteketeza Karthago, pale ilipo Tunis ya leo. Miezi michache baadaye jeshi jingine la Roma likaiteketeza Korintho kule Ugiriki. Majemadari wawili tofauti, nchi mbili, lakini mwisho ni ule ule: watu wakachinjwa, waliobaki wakauzwa utumwani, nyumba zikatiwa moto.

Na hii ilikuwa miji ambayo tayari imeshindwa. Karthago tangu mkataba wa 201 KK ilibakiwa na meli kumi za kivita, tembo wa vita ikakatazwa, kupigana bila ruhusa ya Roma ikakatazwa, na ikatozwa talanta 10,000 za fedha kwa miaka 50. Wakalipa zote. Hata mwaka 191 waliomba kulipa deni lililobaki kwa mkupuo, Roma ikakataa. Hela haikuwa shida, Roma ilitaka waendelee kuwa wadeni.

Mimi naona ilikuwa sera: Seneti, baraza kuu la Roma, ilitaka kila mji ufukweni mwa bahari ile uone na uogope. Wenye hoja karibuni.

#2 Mchumia Juani

Naweka kambi hapa. Wajuzi shukeni.

#3 Kaka wa Tabata

Mleta mada, jibu ni Cato, seneta wa Roma. Yule mzee alikwenda Karthago kwenye ujumbe wa usuluhishi, akakuta mji umenona, bandari imejaa. Kurudi Roma akaingia barazani na tini mbichi, akawaambia imechumwa Karthago siku tatu tu zilizopita, maana yake adui yuko mlangoni. Kuanzia hapo kila hotuba, iwe ya barabara au ya kodi, anamalizia kwamba Karthago lazima iangamizwe. Mwaka 146 alipata alichokitaka, nadhani alichinja ng'ombe.

#4 Binti Pangani

Kaka wa Tabata, huyo ng'ombe alichinjiwa kaburini. Cato alifariki 149 KK, vita ndiyo inaanza. Mji hakuuona ukianguka.

Umemsahau na mpinzani wake, Scipio Nasica. Yeye alikuwa akisimama na kusema Karthago iachwe. Si kwa huruma. Alidai Roma ikikosa adui wa kuiogopesha, watu wake wataharibika kwa anasa na kugombana wenyewe kwa wenyewe. Miaka mia baadaye mwanahistoria Sallust aliandika kitu kama hicho: kuanguka kwa Karthago ndiko kulikofungua mlango wa tamaa na fitina ndani ya Roma. Kwa hiyo Seneti ilikuwa imegawanyika. Sera moja ya wote haikuwepo.

#5 Mzee wa Gati

Mimi maisha yangu ni bandari, niacheni niseme la bandari.

Karthago ilikuwa na bandari mbili zilizounganishwa. Ya nje ya mstatili, ya wafanyabiashara, mlango wake unafungwa kwa minyororo ya chuma. Ya ndani ya duara, ya jeshi, katikati kisiwa kidogo chenye nyumba ya amiri wa meli, kuzunguka pande zote vibanda vya kupandishia meli. Mwanahistoria wa kale Appian anasema vibanda 220. Korintho nayo ilikaa kwenye shingo ya nchi ikiwa na bandari mbili: Lekaio inayotazama magharibi, Kenkrea inayotazama mashariki. Mzigo wa kutoka Asia kwenda Italia ulipita pale.

Sasa niambieni ni bahati gani inayochagua miji miwili yenye bandari nne bora za bahari nzima. Wafanyabiashara wa Roma walitaka washindani waondoke. Mwaka 166 Roma ilikwisha kigeuza kisiwa cha Delos kuwa bandari isiyotoza ushuru, ikaivunja mgongo Rhodes, kisiwa kingine cha biashara. Huu ulikuwa mwendelezo.

#6 Hesabu Kali

Mzee wa Gati, shikamoo. Nakubali bandari, nakataa hitimisho.

Kama walitaka biashara, kwa nini wakaacha viwanja vitupu? Mtu akitaka duka la jirani hulichukua, halichomi. Pale Karthago wakaweka laana kwa atakayeishi tena. Mwanasiasa wa Roma Gaius Gracchus alijaribu kupeleka walowezi mwaka 122, mpango ukavunjwa. Uhai ulirudi kwa agizo la Julius Caesar, na angalieni: aliagiza Karthago na Korintho zijengwe upya mwaka mmoja, 44 KK. Karne nzima bandari hizo nne zimelala! Mfanyabiashara gani anapanga hivyo?

#7 Mzee wa Gati

Marahaba. Utica ilikuwa kando tu ya Karthago, ilijisalimisha kwa Roma mapema 149, ikapewa ardhi na kuwa makao ya jimbo jipya la Afrika. Biashara ya Karthago ilihamia huko. Ya Korintho ikaenda Delos. Mzigo haulali, mwanangu, hutafuta gati lingine. Hizo bandari nne zilinyamaza, wenye faida hawakunyamaza.

#8 Mnyamwezi Msomi

Mmezunguka Roma na Ugiriki mmemruka Mwafrika mwenye mkono mkubwa kuliko wote: Mfalme Masinissa wa Numidia, jirani wa Karthago.

Huyu aliisaidia Roma kumpiga Hannibal, jemadari wa Karthago, pale Zama mwaka 202. Baada ya hapo, kwa miaka hamsini, akawa anamega ardhi ya Karthago kipande kwa kipande. Karthago hairuhusiwi kupigana, inashtaki Roma. Roma inatuma wajumbe, na karibu kila mara hukumu inamwangukia Masinissa. Hadi 150 KK Karthago wakachoka, wakaingia vitani naye, wakapigwa vibaya. Hapo hapo Roma ikasema: mmevunja mkataba. Scipio Aemilianus, yule yule aliyekuja kuuteketeza mji, alikuwa amekwenda kwa Masinissa kuchukua tembo, akaitazama vita hiyo kutoka mlimani.

Vita vya panzi, neema ya kunguru. Na wapo wanaosema Roma iliwahi kuichukua Karthago kwa sababu ilihofia Masinissa ataichukua yeye, apate dola kuanzia jangwani hadi baharini. Alikuwa na miaka karibu 90, bado anapanda farasi. Alifariki 148, na aliyegawa ufalme kwa wanawe ni Scipio.

#9 Kaka wa Tabata

Miaka 90 juu ya farasi? Mnyamwezi hiyo ni chai.

#10 Mnyamwezi Msomi

Ameandika mwanahistoria Polybius aliyeishi zama zake. Alipofariki aliacha na mtoto wa miaka minne. Kunywa hiyo chai taratibu.

#11 Wakili wa Kale

Nimesoma wote. Niongeze kitu ambacho naona ndicho injini ya mwaka huu: kalenda ya madaraka.

Konsuli, mkuu wa Roma na majeshi yake, alikaa mwaka mmoja. Ukipewa vita una miezi michache ya kushinda, la sivyo anakuja mwenzako kuchukua sifa ulizotolea jasho. Scipio Aemilianus alichaguliwa konsuli wa 147 akiwa hajatimiza umri, sheria ikabidi ilegezwe kwa ajili yake. Makonsuli waliomtangulia walikuwa wameshindwa chini ya kuta za Karthago miaka miwili. Alipoongezewa muda, alihitaji ushindi usiobakiza swali.

Ugiriki sasa. Jemadari wa Roma Metellus alikwishaipiga Makedonia mwaka 148, akashuka kusini na kumshinda Critolaus, jemadari wa Shirikisho la Akaya, umoja wa miji ya Kigiriki ikiwemo Korintho. Akaanza kutafuta mapatano haraka haraka, ili vita iishe kwa jina lake. Konsuli wa 146, Lucius Mummius, akafika mbio, akamrudisha Metellus Makedonia na kuchukua jeshi. Akashinda karibu na Isthmo, ile shingo ya nchi, siku ya tatu akaingia Korintho, mji ambao wanajeshi wake wengi walikwisha kimbia usiku.

Matokeo: mmoja akaitwa Africanus, mwingine Achaicus, mwingine Macedonicus. Majina matatu ya heshima kwa vita zilizofungwa ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo kwangu si Seneti yenye sera moja. Ni wanaume wanaokimbizana na saa, na miji ndiyo iliyolipa.

#12 Mtunza Nyaraka

Wakili, umenipa kitu cha kufikiria, ahsante. Ila saa hiyo ya makonsuli ilikuwepo kila mwaka. Makonsuli wa miaka mingine walishinda pia na miji ikabaki. Kwa nini mwaka huu moto ukawaka mara mbili?

#13 Mama Kitabu

Samahanini, mnajadili sababu kama vile mji ni kete ya bao. Hebu tuseme kilichofanyika.

Mwaka 149 makonsuli walikusanya jeshi Sisilia. Wakadai mateka, watoto 300 wa familia kubwa. Wakapewa, mama zao wakiziogelea meli zilizowachukua. Kisha wakatua Utica, wakadai silaha zote. Appian anaandika seti 200,000 za silaha na manati 2,000 za kurushia mawe, msururu wa mikokoteni ukaingia kambini. Walipokwisha kuwa mikono mitupu ndipo wakaambiwa lililobaki: hameni mji, mkajenge popote, mradi iwe stadia 80 kutoka baharini, karibu kilomita 15. Kwa watu wanaoishi kwa bahari!

Mji ukafunga malango. Mahekalu yakawa karakana, wake kwa waume wanafanya kazi usiku na mchana kwa zamu: ngao 100 kwa siku, panga 300, mishale ya manati 1,000. Wanawake walikata nywele zao zisokotwe kamba za manati. Watu hao walikwisha kunyang'anywa silaha zote, wakahimili karibu miaka mitatu.

Scipio alipoziba mlango wa bandari kwa ukuta wa mawe baharini, wao walichimba mlango mwingine kwa siri, watoto na wanawake wakichimba pia, wakatokea na meli hamsini zilizoundwa kwa mbao za kuokoteza.

Mwisho wake ni siku sita. Kutoka uwanjani kwenda kilima cha Byrsa kulikuwa na njia tatu zenye nyumba za ghorofa sita pande zote. Askari walipigana chumba kwa chumba, juu ya mapaa wakaweka mbao kuvuka nyumba hadi nyumba. Kisha ikaamriwa njia zote zichomwe. Nyumba zikaanguka na wazee na watoto waliojificha ndani. Wafagiaji wa jeshi waliokuwa wakisawazisha njia kwa mashoka na ndoana waliwavuta wafu na walio hai pamoja wakawatupa mashimoni. Siku ya saba wakatoka watu wakiomba uhai. Appian anasema 50,000. Wote utumwani.

Wapo wanahistoria wa leo wanaoliita hilo mauaji ya kimbari. Nami nasimama nao.

#14 Mchumia Juani

Mama Kitabu, nimesoma nimenyamaza. Na ile chumvi? Shuleni tuliambiwa Warumi waliipanda chumvi ardhini isiote kitu.

#15 Hesabu Kali

Chumvi haipo. Si Polybius, si Livy, si Appian, hakuna mwandishi wa kale anayeitaja kwa Karthago. Imeingia vitabuni nyakati za karibu sana na kuenea karne ya 20. Kuhusu mji kupandwa chumvi kuna habari ya Abimeleki na Shekemu, Waamuzi 9:45, nadhani ndiko watu walikoazima.

Na fikirini kidogo: ardhi ile ilikuja kuilisha Roma ngano. Nani aiharibu? Tena Seneti iliyoamuru mji ubomolewe ndiyo iliyoamuru vitabu 28 vya kilimo vya Mago wa Karthago vitafsiriwe Kilatini, maktaba nyingine zikigawiwa wafalme wadogo wa Afrika. Walijua wanachokichukua.

#16 Mgeni wa Tunis

Nimeishi Tunis miaka ile Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipohamia huko kutoka Abidjan. Wana Afrika Mashariki tulikuwa wengi. Mwisho wa wiki unapanda treni ndogo ya kwenda La Marsa, vituo vinaitwa Carthage Salammbô, Carthage Byrsa, Carthage Hannibal. Ikulu ya rais iko huko huko.

Bandari ya duara anayoisema Mzee wa Gati bado ipo. Sasa ni kama bwawa, maji yametulia, kisiwa katikati, majumba ya kifahari yameizunguka. Ukishaiona unajiuliza meli 200 ziliingiaje. Wachimbaji nao wanakisia vibanda vilikuwa chini kidogo ya hesabu ya Appian.

Kilichonikamata ni mtaa ulio ubavuni mwa Byrsa. Warumi walipojenga upya zama za Augustus walikata kichwa cha kilima na kusukuma udongo chini, udongo ukazifunika nyumba za Wakarthago na kuzihifadhi. Zimefukuliwa: kuta hadi kiunoni, sakafu za vipande vya marumaru, kila nyumba na kisima chake cha maji ya mvua. Na zilijengwa mwanzoni mwa karne ya pili KK, wakati ule ule wanalipa zile talanta. Mji ulikuwa unajenga mtaa mpya huku unatozwa faini.

Jambo moja kwa wanaosema Karthago haikuwa tishio: vigae vilivyopatikana chini ya bandari ya kivita vinaashiria kwamba umbo lile la duara lilijengwa karne hiyo hiyo ya pili, mkataba ukiwaruhusu meli kumi tu.

#17 Kaka wa Tabata

Hapo sasa! Cato aliona bandari mpya ya kivita, mkasema anaogopa tini.

#18 Binti Pangani

Kaka, vibanda si meli. Mwaka 149 walikabidhi kila kitu, na meli walizopigania baadaye waliziunda papo kwa papo, kama alivyosema Mama Kitabu #13. Ujumbe wa Roma ulikuwa ukienda Karthago kila mara. Bandari kubwa ya duara haifichiki.

Swali langu ni la chanzo. Karibu kila tunachokijua kimepita kwa Polybius. Huyu alikuwa Mgiriki wa Megalopolis, mmoja wa watu 1,000 wa Akaya waliopelekwa Italia kama mateka mwaka 167. Walioruhusiwa kurudi mwaka 150 walikuwa hawafiki 300. Akiwa huko akawa rafiki na mwalimu wa Scipio, na Karthago ikiungua alisimama ubavuni pake. Yeye ndiye chanzo cha habari kwamba Scipio alilia, akasema beti za Homer juu ya siku ambayo Troya takatifu itaangamia, akihofia siku ya Roma. Kisha anamchora Hasdrubal, jemadari wa Karthago, kama mnene mwenye majivuno anayekula karamu huku mji una njaa. Rafiki yake analia kwa heshima, adui ni mlafi. Niwie radhi, siwezi kumeza yote.

#19 Wakili wa Kale

Ni kweli alikuwa na upande. Lakini huyo huyo anasimulia Warumi wakifanya ushenzi Korintho: aliona kwa macho yake michoro mashuhuri imetupwa chini, askari wanaichezea dadu. Hilo halikumpendezesha yeyote Roma.

Kuhusu Hasdrubal: alijisalimisha. Mkewe alibaki kwenye hekalu la Eshmun pamoja na askari 900 waliokuwa wametoroka jeshi la Roma, ambao hawakuwa na msamaha wowote. Walipowasha hekalu wenyewe, mama yule alisimama akamlaani mumewe kwa woga wake, akawaua watoto, akajitosa motoni. Hasdrubal alikwenda kuzeekea Italia.

#20 Mwinjilisti Kijana

Bwana asifiwe wapendwa, na wa imani nyingine amani iwe kwenu. Nina swali dogo. Hiyo Korintho ndiyo ya Paulo? Kama ilichomwa, aliwaandikia akina nani?

#21 Hesabu Kali

Ni mahali pale pale, mji mwingine. Paulo alifika miaka ya 50 Baada ya Kristo, Korintho ya Caesar ikiwa na miaka kama 95. Walowezi wake wa kwanza wengi walikuwa watumwa walioachwa huru kutoka Roma. Ndiyo maana kwenye nyaraka zake na kwenye Matendo unakutana na Tito Yusto, Krispo, Gayo, Fortunato, Akaiko. Mengi ni majina ya Kilatini. Na ile Kenkrea aliyonyoa nywele kwenye Matendo 18:18 ndiyo bandari ya Mzee wa Gati #5.

#22 Mwinjilisti Kijana

Ahsante sana. Nimehubiri waraka ule mara nyingi bila kujua hilo.

#23 Mchumia Juani

Wakarthago nao si walichoma watoto wao kwa miungu? Mbona hamlisemi?

#24 Mama Kitabu

Linasemwa sana, kuliko hata yale ya Byrsa. Pale Salammbô liligunduliwa eneo mwaka 1921 lenye vyungu vingi vya majivu ya watoto wachanga na wanakondoo. Wataalamu wanabishana hadi leo: wapo wanaosoma mifupa na kuona watoto waliokufa wenyewe, wengine wanaona sadaka. Hata wangekuwa na hatia hiyo, madai yaliyowekwa mezani mwaka 149 hayakulitaja. Yalikuwa ni silaha na umbali wa bahari.

#25 Mnyamwezi Msomi

Na watu wenyewe hawakuisha. Agostino wa Hippo, karne ya tano BK, anataja wakulima wa jirani zake wanaosema Kipuni, lugha ya Wakarthago. Septimius Severus, kaisari kuanzia 193, alizaliwa Leptis Magna, mji wenye asili hiyo. Mwaka 1985 mameya wa Roma na Karthago walitia saini mkataba wa amani kufunga vita ile rasmi. Watunisia bado wanaitwa Tai wa Karthago uwanjani, na wanaokwenda kucheza kule na Simba au Yanga wanajua hao tai bado wana makucha.

#26 Kaka wa Tabata

Usituletee machungu ya ugenini kwenye uzi wa historia, Mnyamwezi. Tulikuwa tunaelewana.

#27 Mtunza Nyaraka

Turudi kwenye mada. Nina bandari ya Mzee wa Gati, Masinissa wa Mnyamwezi, saa ya Wakili, hofu ya Cato. Bado nashikilia Seneti, kwa sababu hii: muhtasari wa kitabu cha Livy unasema wazi Mummius aliibomoa Korintho kwa amri ya Seneti, eti kwa kuwa wajumbe wa Roma walitukanwa pale. Na kwa Karthago, baada ya moto Seneti ilituma tume ya watu kumi, nayo ikaagiza kilichobaki kisibakizwe. Hayo ni maamuzi mawili ya baraza moja, mwaka mmoja.

#28 Wakili wa Kale

Amri ya kubomoa ilikuja baada ya mji kuanguka. Aliyeuchoma alikwisha uchoma. Baraza liliidhinisha.

#29 Binti Pangani

Cicero aliyeandika miaka mia baadaye anasema alitamani Korintho isingeguswa, halafu anakisia kwamba mababu waliogopa mahali ilipokaa pasije pakawachochea watu kupigana tena. Anakisia! Kwingine anaziita Karthago na Korintho macho mawili ya pwani yaliyong'olewa, na anaowatwisha lawama ni Hasdrubal na Critolaus, walioshindwa. Mrumi msomi, mwenye kumbukumbu zote za Seneti mkononi, hana jibu moja. Mtunza Nyaraka, hiyo amri ya Livy inatoa sababu ya matusi kwa wajumbe. Wewe unaiamini sababu hiyo?

#30 Mtunza Nyaraka

Amri naiamini. Sababu hapana.

#31 Mzee wa Gati

Basi tuanze na Delos. Nani walikuwa na maghala pale baada ya 146? Nipeni hadi kesho jioni, nakuja na orodha ya walivyokuwa wakifanya biashara Waitalia wa kisiwa kile.